Wiki moja Dublin: Mambo ya kumaliza nyumbani kabla mwanafunzi hajapanda ndege

Dar es Salaam. Wapo watoto wa sekondari zetu ambao safari yao ya kwanza ya ndege haikuwa ya Mwanza wala Zanzibar. Ilikuwa ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, katikati ya baridi ya Januari. Hawakupelekwa na mjomba mwenye fedha. Walipelekwa na mradi wa sayansi walioubuni shuleni wakiwa na mwalimu wao.

Hawa ni washindi wa Young Scientists Tanzania, maarufu kama YST, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha wa hapa nchini pamoja na Joseph Clowry wa Ireland. Maonyesho yake ya kitaifa yalianza mwaka 2012 na yamewahi kufanyika Diamond Jubilee, Upanga, na pia JNICC, hatua chache kutoka Posta. Washindi wa jumla hupata kombe, hufunguliwa njia ya ufadhili wa masomo kupitia Karimjee Jivanjee Foundation, kisha hualikwa Dublin kuhudhuria maonyesho mama ya wanasayansi vijana wa Ireland.

Maonyesho hayo ya Dublin yana historia ndefu. Yalibuniwa mwaka 1963 na wanafizikia wawili, Padri Tom Burke na Tony Scott, na yakafanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Siku hizi miradi ipatayo 550 hupangwa katika kumbi za RDS, na kwa miaka mingi yalibeba jina la kampuni ya simu ya BT. Mmoja wa washindi wake, Patrick Collison, aliyeshinda mwaka 2005, baadaye alianzisha na mdogo wake kampuni ya malipo ya Stripe. Wakenya nao walifuata mkondo huohuo kwa kuanzisha Young Scientists Kenya.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Azania, Jangwani, Kisutu au Benjamin Mkapa anayefanya mradi na mwenzake jioni baada ya vipindi, anaweza siku moja kurudi nyumbani na kusema, "Mama, nimechaguliwa kwenda Ireland." Nderemo itakuwepo. Lakini naandika habari za afya, na kazi hii imenifundisha kuiangalia fomu ya safari kwa jicho tofauti. Ukurasa unaouliza "mwanafunzi ana ugonjwa wowote?" ndio unaoweza kuiharibu safari nzima, maana hapo ndipo mzazi hushawishika kuandika "hapana" hata kama jibu ni "ndiyo".

Nitarudi kwenye ukurasa huo. Kwanza karatasi, kwa sababu bila karatasi hakuna safari.

Saini ya baba

Tuseme wewe ni mama mwenye meza ya vitenge Mtaa wa Kongo, na binti yako ana miaka 16. Kitu cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kama alichonacho ni tangazo la hospitali au kadi ya kliniki tu, nenda RITA mapema. Usisubiri mtoto ashinde ndipo uanze kutafuta cheti, kwa sababu ucheleweshaji wa cheti unabeba kila kitu kinachofuata.

Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, ada yake ilitangazwa kuwa Sh150,000. Maombi huambatana na cheti cha mtoto, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, kitambulisho cha Nida cha mzazi na, kwa kuwa mtoto yuko chini ya miaka 18, ridhaa ya wazazi.

Baada ya pasipoti ni viza, na hapa Ireland ina utaratibu wake. Haimo katika kundi la nchi za Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haimfikishi mtu Dublin, na ya Dublin haimfikishi Paris. Maombi huanzia mtandaoni na yanaweza kutumwa hadi miezi mitatu kabla ya safari. Ada ya viza ya kuingia mara moja ni euro 60. Nyaraka ambayo haiko kwa Kiingereza inatakiwa tafsiri iliyothibitishwa, na hapa viapo vyetu vya Kiswahili hukwama.

Kwa mtoto chini ya miaka 18 anayesafiri bila wazazi, Ireland inataka ridhaa ya wazazi wote wawili au walezi halali, yenye saini, pamoja na nakala ya pasipoti au kitambulisho kinachoonyesha saini hizo. Wote wawili. Kwa familia nyingi za mjini hili ndilo jiwe zito kuliko ada. Kuna baba aliyeondoka mtoto akiwa hajaanza chekechea na simu yake haipatikani. Kuna mtoto aliyelelewa na bibi Kigogo kwa miaka 10 bila karatasi yoyote ya mahakama. Kuna baba aliyepo, anayejua kabisa umuhimu wa saini yake, na anayeitumia kumalizia ugomvi wa zamani na mama.

Haya hayamalizwi ndani ya wiki mbili. Kama unalea peke yako, onana na ofisa ustawi wa jamii wa manispaa au wakili, ujue unahitaji amri ya mahakama ya malezi, kiapo, au cheti cha kifo. Fanya hivyo hata kama mtoto hana safari yoyote kwa sasa, maana karatasi hiyohiyo itaombwa siku ya ufadhili, siku ya mashindano ya michezo, siku ya matibabu nje ya nchi. Na kama baba ni wa kubembelezwa, atumwe mtu anayemheshimu. Shemeji au mzee wa msikitini anaweza kumaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa kile ambacho meseji 50 za WhatsApp zimeshindwa.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni Belfast. Mji huo upo kisiwa kilekile, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa treni kutoka Dublin, na mpakani huoni geti wala askari. Lakini Belfast ipo Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Mtanzania mwenye viza ya Ireland pekee haruhusiwi kuvuka. Mwenyeji mkarimu anaweza kupendekeza matembezi ya siku moja huko bila kufikiria pasipoti ya mgeni wake. Mwanao alijue hilo, na mwalimu anayeongozana naye alijue zaidi.

Kuhusu mawakala wanaouza "safari za masomo Ulaya" kwa fedha taslimu kwenye ofisi za ghorofani, nitasema kwa ufupi. Mwaliko wa kweli unapitia shuleni, una jina la mwalimu anayesafiri na wanafunzi, na unaweza kuuthibitisha kwa waandaaji au kwa ubalozi wa Ireland hapa Dar es Salaam. Wakala anayetaka kukaa na pasipoti ya mtoto hadi siku ya kuondoka, au anayekuambia usimshirikishe mkuu wa shule, mkimbie. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na ilitungwa kwa sababu mambo haya yanatokea.

Ukurasa wa afya

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni watoto 11,000 kila mwaka. Wengi wao sasa wanafika sekondari, wanasoma, wanashinda mashindano. Na baridi kali ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu yao, sawa na upungufu wa maji mwilini. Saa nyingi ndani ya ndege zenye hewa kavu, kisha kutoka uwanjani kwenye nyuzi joto 3 na mvua ya manyunyu, kwa mtoto mwenye selimundu ni jambo la kupangwa na daktari.

Kupangwa maana yake si kuzuiwa. Hili nataka lieleweke, kwa kuwa hofu ya kuzuiwa ndiyo inayofanya watu waandike "hapana". Daktari wa kliniki anaweza kuangalia wingi wa damu, akasema kama yuko tayari kupanda ndege, akaandika barua ya Kiingereza yenye ugonjwa, dawa na namba ya simu. Anayehitaji kufahamu Dublin atafahamu. Mtoto aliyefichwa akipatwa na maumivu saa 8:00 usiku hotelini, mwalimu wake hana pa kuanzia, na daktari wa zamu anapoteza muda kutafuta kitu ambacho mama anakijua tangu mtoto akiwa na miezi minane.

Pumu nayo haipendi hewa ya baridi na kavu. Dawa ya kuvuta iwe mbili, moja mfukoni na nyingine kwenye begi la mkononi, kamwe zote zisiwe kwenye begi kubwa linaloweza kubaki Doha au Istanbul. Insulini vilevile isiwekwe kwenye shehena, inaweza kuganda. Mwenye kifafa ajue kwamba kukosa usingizi kunachochea degedege, na safari hii ina usiku mmoja mbovu wa kwenda na mwingine wa kurudi.

Lipo jambo ambalo kurasa za familia hulizunguka, nami nitalisema wazi. Wapo wanafunzi waliozaliwa na virusi vya Ukimwi, wanatumia dawa vizuri, virusi vimefubazwa, na hakuna shuleni anayejua. Mtoto wa namna hiyo akichaguliwa kusafiri, anachokiogopa ni kulala chumba kimoja na mwenzake akiwa na kopo la vidonge. Ireland haihitaji kipimo cha VVU kwa viza ya matembezi mafupi, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani safari itafutwa. Hatari iko kwingine, kwamba mtoto ataamua mwenyewe "nitaacha wiki moja tu, nitaendelea nikirudi". Wiki moja inatosha kuwapa virusi nafasi ya kuongezeka.

Zungumza naye kabla. Kliniki ya CTC inaweza kumpa dawa za kutosha pamoja na akiba ya siku kadhaa ndege ikichelewa, na barua kwa ajili ya safari. Mpange saa. Januari Dublin iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo anayemeza dawa saa 3:00 usiku hapa, kule itakuwa saa 12:00 jioni, muda ambao wenzake wako sebuleni na chumba ni kitupu. Ni siri yake, na ni haki yake kuchagua nani aijue. Mtu mzima mmoja anayesafiri naye akijua, kwa ridhaa ya mtoto, inatosha.

Kwa watoto wote, wagonjwa na wazima, kuna suala la malaria. Ireland haina malaria, na Januari ni kilele cha mafua. Mtoto aliyeumwa na mbu Jangwani au Ilala siku chache kabla ya safari anaweza kupata homa akiwa Dublin, na jambo la kwanza litakalomjia mtu yeyote pale ni mafua. Malaria kali haimsubiri mtu amalize paracetamol. Mfundishe mwanao sentensi moja na airudie hadi aizoee: kwamba ametoka Tanzania na anaomba apimwe malaria. Namba ya dharura kule ni 112 au 999. Kadi ya NHIF haitumiki Dublin, kwa hiyo hakikisha umeiona kwa macho yako bima ya matibabu ya safari, si kuambiwa tu kwamba ipo.

Chanjo ya homa ya manjano haidaiwi na Ireland. Inaweza kudaiwa kutokana na njia ya ndege, hasa ikipitia nchi yenye ugonjwa huo na mapumziko yakawa marefu, na hata Tanzania yenyewe inaweza kuuliza wakati wa kurudi. Kadi ya njano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yote. Kwa mtoto anayeanza kusafiri, si hasara kuwa nayo.

Koti la Karume

Dublin mwezi Januari jua huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama kabla au karibu na saa 10:30 jioni. Mtoto wa Dar aliyezoea mwanga hadi saa 12:45 anaweza kuhisi siku imeibiwa. Mwambie mapema, asidhani anaumwa akijisikia mzito na mwenye usingizi mchana.

Nguo zinapatikana hapahapa. Huna haja ya kwenda maduka ya kioo Masaki. Karume na mitaa ya Kariakoo ina makoti yaliyovaliwa Ulaya, yakatolewa sadaka, yakafungwa kwenye belo na kushushwa bandarini kwetu. Baadhi, nadhani, yanakwenda kuonana na ndugu zao. Tafuta lisilopitisha maji na lenye kofia, kwa sababu tatizo la Dublin ni unyevu na upepo zaidi ya theluji. Jaribu zipu mara tatu mbele ya muuzaji. Ndani avae fulana ya kubana, juu yake sweta, kisha koti, ili akiingia ukumbini penye joto aweze kupunguza. Viatu vya shule vya ngozi na soksi nene vinatosha. Mafuta ya mgando kwa midomo na mikono ni lazima, hewa ile inapasua.

Chaja ya simu haina shida, soketi zao ni za pini tatu za bapa kama zetu.

Chakula cha kubeba kina masharti. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza abiria kutoka nje kuingia na nyama au bidhaa za maziwa, kwa hiyo samli ya bibi na nyama ya kukausha vibaki. Maembe, ambayo Januari yamejaa kila kona ya Kariakoo, hayaruhusiwi bila cheti cha usafi wa mimea. Cha ajabu, ndizi, nanasi, nazi na tende zinaruhusiwa. Kwa zawadi, kashata za karanga, kahawa ya Kagera au kitenge hakina ugomvi na mtu.

Watu atakaowakuta

Maonyesho yenyewe ni siku chache. Muda uliobaki mwanafunzi anaishi na watu, na hapa ndipo anapojifunza mengi zaidi kuliko kwenye vibanda.

Atakutana na wazee ambao hawasubiri shikamoo, wanaojitambulisha kwa jina la kwanza na kutegemea waitwe hivyo. Wengi wa watoto wetu hushindwa, hujikunja, huangalia chini, na mwenyeji hudhani mtoto ana huzuni. Mwambie kwamba kule kumwangalia mkubwa usoni na kutabasamu ndiyo adabu. Wakimuuliza hali yake njiani hawataki maelezo, ni kama "mambo" yetu na jibu lake fupi. Abiria wengi wa basi humshukuru dereva wanaposhuka, jambo ambalo ningependa kuliona siku moja kwenye daladala za Gerezani.

Na watamtania. Watu wa Ireland humtania wanayempenda, kama Mpare na Mchaga, na kicheko chao kinaweza kumuumiza mtoto asiyejua kwamba amepokewa. Asisahau upande wa pili: yeye asimwite mtu wa Ireland Mwingereza, hata kwa bahati mbaya. Nchi hiyo ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi, ikapigana, ikapata dola yake mwaka 1922.

Ataona vibao vya barabarani vimeandikwa lugha mbili. Ya kwanza ni Gaeilge, lugha ya asili ambayo katiba ya mwaka 1937 inaitambua kuwa lugha rasmi ya kwanza. Atasubiri kuisikia, lakini mtaani atasikia Kiingereza, kwa sababu wengi hujifunza Gaeilge shuleni na wachache ndio wanaoiongea kila siku nyumbani. Mtoto wa Kariakoo, anayenunua, kugombana na kuomba msamaha kwa Kiswahili, huku akifanya mitihani ya fizikia kwa Kiingereza, ana la kuwaambia watu hao. Mhimize aulize. Ni mazungumzo yatakayomwelimisha yeye na mwenyeji wake pia.

Kando ya Mto Liffey, Custom House Quay, kuna sanamu za watu waliokonda wakitembea kuelekea melini. Zinakumbuka njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu ulipoangamiza viazi. Takriban watu milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama, huku chakula kingine kikiendelea kusafirishwa nje ya nchi. Mwaka 1841 kisiwa hicho kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Hadi leo hakijafikia tena idadi hiyo. Ukungu huohuo unawasumbua wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya. Kama mwanao ana akili ya sayansi, hapo mbele ya sanamu anaweza kupata mradi wake unaofuata.

Chai atakunywa hadi achoke. Watu wale ni wanywaji wakubwa, huweka maziwa kama sisi ingawa hawayachemshi pamoja, na majani mengi wanayotumia hutoka Afrika Mashariki, hasa Kenya. Kifungua kinywa cha hotelini ni suala jingine. Soseji na nyama nyembamba za kukaanga ni nguruwe, na kile kipande cheusi cha duara kina damu. Familia ya Kiislamu iandike mapema kwenye fomu, mtoto asiachiwe kukisia kwenye sahani. Msikiti upo, ule wa South Circular Road uko kwenye jengo lililokuwa kanisa hadi jumuiya ya Waislamu ilipolinunua mwaka 1983. Ajue tu kwamba Januari alasiri huingia saa 8:00 mchana na kidogo, na magharibi karibu saa 10:30. Vipindi vinafuatana haraka, na mwalimu aelezwe kabla.

Halafu ipo picha itakayokushtua kwenye WhatsApp: mwanao ameketi baa. Usipige simu kwa hasira. Baa nyingi kule ni kama ukumbi wa mtaa, familia hula chakula cha mchana humo na wapiga fidla hukaa kona. Sheria hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na watoto hawatakiwi kubaki humo usiku. Mkubaliane kabla hajaondoka nini anywe na saa ngapi atoke, ili asikubali kitu kwa aibu ya kukataa.

Kwa akina mama ninaongeza hili: Januari 6, siku chache kabla ya maonyesho, baadhi ya sehemu za Ireland huadhimisha Krismasi ya wanawake. Kimila siku hiyo wanawake hutoka kwenda kujiburudisha, na wanaume hubaki jikoni. Akirudi na wazo hilo, sina pingamizi.

Akirudi

Shule zetu hufunguliwa Januari hiyohiyo, kwa hiyo atarudi akiwa nyuma ya wenzake kwa vipindi kadhaa. Omba mwalimu wa darasa amtunzie madaftari, na usipange sherehe ya mapokezi ya siku mbili. Mpe usingizi kwanza, hadithi zitakuja. Wengine huja na maneno makali kuhusu foleni, takataka za Msimbazi na umeme, na mzazi hukasirika. Msikilize wiki moja kabla ya kumjibu. Muulize pia habari ambazo hazimo kwenye picha: nani alimfariji alipokumbuka nyumbani, alilala vipi, kuna mtu yeyote aliyemfanya ajisikie vibaya.

Hesabu dawa zilizobaki kwenye kopo. Usiku wa kwanza alale ndani ya chandarua kama kawaida, na akipata homa ndani ya wiki zinazofuata apelekwe kupimwa malaria, huku daktari akiambiwa kwamba mtoto ametoka Ulaya msimu wa mafua.